Mita 200 za Dalili: Kikundi cha Akiba cha Mwanza Mbele ya Tangazo la Kisima cha Kavango

Aprili 2021 mafuta yalikuwa mengi zaidi midomoni mwa watu wa Kanda ya Ziwa kuliko yalivyokuwa ardhini. Tarehe 11 ya mwezi huo Rais Samia Suluhu Hassan na Rais Yoweri Museveni walishuhudia, huko Entebbe, utiaji saini wa mikataba ya bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, ambalo linaingia nchini kupitia Kagera na kukatiza Geita kabla ya kuelekea Shinyanga na Tabora. Siku nne baadaye, tarehe 15, kampuni ya Canada iitwayo Reconnaissance Energy Africa, maarufu kwa jina la ReconAfrica, ilitangaza matokeo ya kisima chake cha kwanza, kilichopewa namba 6-2, katika bonde la Kavango kaskazini mashariki mwa Namibia. Tangazo hilo lilifika kwetu Kirumba, Mwanza, kwa simu ya Mama Mwenyekiti, likiwa limetumwa na kijana wake anayeishi Canada, pamoja na pendekezo kwamba kikundi chetu kitoe shilingi milioni 12 naye atununulie hisa.

Kikundi kina wanachama 12: walimu na wauguzi wastaafu, wafanyabiashara wawili wa dagaa wa Mwaloni, mzee mmoja wa Bwiru aliyekuwa nahodha wa meli, na mimi niliyetumikia miaka 19 kama fundi sanifu wa jiolojia katika mgodi wa dhahabu. Tulikuwa na milioni 18 benki, zikisubiri kununua injini ya boti. Kwa kuwa mimi ndiye pekee niliyewahi kushika sampuli za mwamba uliochorongwa, nilipewa wiki moja kusoma tangazo na kuleta maoni. Ninayoeleza hapa ni maoni hayo, hoja zilizoyapinga, uamuzi uliofikiwa, na yale yaliyofuata, ambayo hayakunipendeza yote.

Niseme mapema kwamba pendekezo lilikuwa na kasoro isiyohusiana na mafuta kabisa. Hisa zingekuwa kwa jina la kijana, katika akaunti yake, katika nchi ambayo hakuna hata mmoja wetu angeweza kwenda kudai chochote. Kasoro hiyo peke yake ilitosha kufunga mjadala, lakini wanachama hawakutaka mjadala ufungwe kwa sababu ya karatasi. Walitaka kujua kama mafuta yapo.

Maneno ya tangazo

Kampuni ilisema kwamba kisima kilikuta zaidi ya mita 200 za dalili za mafuta mepesi na gesi asilia, katika sehemu tatu tofauti za kina chake, na kwamba huo ni ushahidi wa wazi wa mfumo wa petroli unaofanya kazi katika bonde hilo, yaani kwamba miamba yake imewahi kuzalisha mafuta au gesi. Mtu anayesoma haraka husoma maneno matatu: mita 200, mafuta. Mzee wa Bwiru alinipigia jioni ileile.

"Fundi, tuambie kwa kifupi. Yapo au hayapo?"

"Mzee wangu, hawajasema yapo. Wamesema harufu yake ipo."

Jibu lile halikumridhisha, na kwa kweli lilikuwa fupi mno. Tangazo lilikuwa na maneno mawili yaliyobeba uzito wote, nayo ndiyo yaliyohitaji wiki nzima. La kwanza ni "dalili". La pili ni aina ya kisima: kampuni yenyewe ilikiita kisima cha kuchunguza mpangilio wa matabaka, yaani kisima kinachochorongwa ili kujua miamba imepangwaje chini, ambacho ni tofauti na kisima kinachochorongwa juu ya mtego, yaani umbo la miamba linaloweza kukusanya mafuta, uliokwisha kuonekana, ili kujua kama una mafuta. Hapakuwa na uongo katika maneno hayo. Kila neno lilikuwa mahali pake kisheria. Ugumu ni kwamba msomaji wa kawaida hakuambiwa umbali uliopo kati ya neno "dalili" na pipa la mafuta.

Dalili inapatikanaje

Mtambo unapochoronga, tope maalumu husukumwa chini kupitia ndani ya bomba la kuchorongea, hutokea kwenye kichwa kinachokata mwamba, kisha hupanda juu kwa nje ya bomba likibeba vipande vidogo vya mwamba. Juu kuna kibanda ambamo wataalamu hupima gesi iliyomo katika tope hilo, kuanzia metheni iliyo nyepesi hadi penteni iliyo nzito zaidi, na huchukua vipande vya mwamba na kuvimulika kwa taa ya mwanga wa urujuanimno. Mafuta hung'aa chini ya taa hiyo. Wakidondoshea kiyeyusho na rangi ikatiririka kutoka kwenye kipande, wanaandika kwamba kina hicho kina dalili. Kazi hii ni ya lazima na ya heshima, na ndiyo inayotangulia ushahidi mwingine wote.

Lakini dalili hizo hutokea kwa sababu nyingi, na ni chache tu kati yake zinazompa mtu mafuta ya kuuza. Mwamba wa mfinyanzi uliozalisha mafuta hutoa gesi unapovunjwa, hata kama hauwezi kutoa tone moja kwa mtiririko. Mchanga uliojaa maji ya chumvi unaweza kuwa na gesi iliyoyeyuka ndani ya maji hayo. Mafuta yanaweza kuwa yalipita mahali hapo mamilioni ya miaka iliyopita na kuacha doa, kama mafuta ya taa yanavyoacha harufu katika chupa iliyokwisha kuwa tupu. Hata kichwa cha kuchoronga chenyewe, kikiwa moto, kinaweza kuunguza mwamba na kuzalisha gesi ambayo haikuwapo. Kwa hiyo mita 200 za dalili ni urefu wa sehemu za kisima ambamo kitu fulani kilionekana kwenye tope au chini ya taa. Unene wa mwamba wenye mafuta yanayoweza kutoka ni kipimo kingine kabisa, na katika tangazo la Aprili 15 kipimo hicho sikukiona.

Niliwaeleza wanachama kwa mfano wanaoujua. Mmoja wetu aliwahi kuchangia duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, huko Nyarugusu, Geita, baada ya kuonyeshwa chembe za dhahabu kwenye karai. Dhahabu ile ilikuwa ya kweli, na duara lile halikulipa hata gharama za magogo ya kuegemeza kuta zake, kwa kuwa kuwapo kwa dhahabu ni swali moja, na kiasi chake, mwendelezo wake na gharama ya kuitoa ni maswali mengine matatu. Muuguzi mstaafu aliyeketi kando yake alicheka. Mwenye duara hakucheka.

Mita 20 dhidi ya mita 700

Hoja iliyowaingia zaidi, hata hivyo, ilitoka Kenya. Machi 26, 2012, kampuni ya Tullow Oil na mshirika wake Africa Oil zilitangaza kwamba kisima cha Ngamia-1, katika bonde la Lokichar huko Turkana, kilikuta zaidi ya mita 20 za unene halisi wa mwamba wenye mafuta. Wiki chache baadaye, kisima kiliposhuka zaidi, kiasi hicho kilipanda hadi zaidi ya mita 100. Machi 2016 kampuni hizohizo zilitangaza matokeo ya kisima cha Cheptuket-1 katika Bonde la Kerio: dalili nzuri za mafuta zilionekana katika vipande vya mwamba na katika sampuli zilizokatwa kutoka ukutani mwa kisima, katika sehemu yenye urefu wa zaidi ya mita 700, nayo ikatajwa kuwa ushahidi wa mfumo wa petroli ulio hai.

Niliandika namba hizo mbili kwenye karatasi kubwa ya ukutani, 20 na 700, bila maelezo, nikawauliza wanachama wangechagua kisima kipi. Wote walichagua 700 isipokuwa mhazini, ambaye kwa tabia hachagui chochote kabla ya kuona risiti. Kisha nikawaeleza kwamba mita 20 za Lokichar zilifuatwa na majaribio ya mtiririko mwaka 2013 yaliyotoa zaidi ya mapipa 3,000 kwa siku kutoka Ngamia-1, ilhali mita 700 za Kerio hazikufuatwa na pipa hata moja la biashara. Mita 20 zilikuwa jibu la swali gumu, yaani ni unene gani wa mwamba huu una nafasi ya kutosha, una mafuta badala ya maji, na unaweza kuyapitisha. Mita 700 zilikuwa jibu la swali rahisi, yaani ni wapi tuliona chochote.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha kisa hiki. Katika tangazo la mapema, ukubwa wa namba hauna maana mpaka ujue ni nini kilichopimwa, na kwa kawaida kipimo kilicho rahisi zaidi ndicho kinachotoa namba iliyo kubwa zaidi.

Nilipaswa pia kuwatahadharisha upande wa pili wa mfano wangu, na nilifanya hivyo ingawa ulidhoofisha mvuto wake. Hata Lokichar, yenye mafuta ya kweli, haikuwa utajiri wa haraka. Mafuta yake yana nta nyingi na huganda yakipoa, hivyo yanahitaji bomba lenye joto ili yafike pwani. Usafirishaji wa majaribio ulifanyika kwa malori hadi Mombasa, na shehena ya kwanza, mapipa 200,000, iliondoka Agosti 2019, miaka saba baada ya ugunduzi. Uganda ilipata mafuta ya Mputa-1 mwaka 2006. Bomba tulilokuwa tukilishangilia Aprili ile lilikuwa tunda la ugunduzi wa miaka 15 nyuma, na uamuzi wa mwisho wa kuwekeza katika mradi huo ulikuja Februari 2022.

Ngazi ya ushahidi, na mahali 6-2 kilipokuwa kimesimama

Baada ya dalili za tope huja vipimo vinavyoshushwa kisimani kwa waya. Kimojawapo hupima jinsi mwamba unavyozuia umeme: maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi, mafuta na gesi huuzuia. Vingine hukadiria nafasi zilizomo ndani ya mwamba. Vikisomwa pamoja hutoa picha nzuri, ingawa katika mabonde ya bara yenye maji baridi picha hiyo hudanganya, kwa sababu maji yasiyo na chumvi nayo huzuia umeme na huweza kusomwa kama mafuta. Kwa hiyo hufuata kifaa kinachogusa ukuta wa kisima, kikapima shinikizo na kuvuta majimaji yenyewe kutoka ndani ya mwamba hadi kwenye chupa.

Chupa hiyo ina thamani kuliko kurasa nyingi za maelezo. Zimbabwe ilitoa mfano wake baadaye: mwishoni mwa 2022 kisima cha Mukuyu-1 cha kampuni ya Invictus Energy kilikuwa na dalili nyingi, lakini hali ya kisima ilizuia kupatikana kwa sampuli ya majimaji, hivyo kampuni haikuweza kutangaza ugunduzi mpaka Mukuyu-2 ilipotoa sampuli hizo Desemba 2023. Tena sampuli inaweza kuleta habari mbaya. Katika bonde la Semliki, Uganda, kisima cha Turaco-3 mwaka 2004 kilikuta gesi kweli, ila ilikuwa imechanganyika na hewa ya kaboni kiasi cha kutofaa.

Juu ya sampuli kuna jaribio la mtiririko, ambapo kisima hufunguliwa na mafuta huachwa yapande yenyewe au kwa msaada wa pampu, huku ikiandikwa ni mapipa mangapi kwa siku, kupitia tundu la upana gani, kwa saa ngapi, na yakiwa na maji kiasi gani. Hata hapo bado ni kisima kimoja. Visima vya tathmini ndivyo vinavyoonyesha kama hifadhi inaenea kilomita au inaishia nyuma ya nyumba.

Katika ngazi hiyo, tangazo la 6-2 lilikuwa kwenye vipandio vya chini. Lakini kulikuwa na jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu lilikuwa zito kuliko dalili zenyewe, na ambalo karibu nilipite bila kuliona. Mafuta hayakusanyiki kwa sababu tu yamezalishwa. Huhitaji mwamba wa kuyahifadhi, mwamba wa kuyafunika yasitoroke, na umbo la mtego, kama bakuli lililopinduliwa, litakalokusanya yale yanayopanda. Umbo hilo huonekana kwa data za mitetemo, zinazopatikana kwa kutuma mawimbi ardhini na kusikiliza yanavyorudi. ReconAfrica ilichagua mahali pa kuchoronga kwa kutegemea hasa vipimo vya usumaku vilivyochukuliwa kwa ndege, ambavyo huonyesha kina cha bonde lakini havichori mitego. Data zake za mitetemo zilianza kukusanywa Julai 2021, baada ya kisima cha kwanza na cha pili. Kwa hiyo hata kama kila dalili ya 6-2 ingekuwa mafuta halisi, hakuna mtu, si kampuni wala mimi, ambaye Aprili ile angeweza kuonyesha yamekusanyika wapi.

Mapipa bilioni 120

Namba iliyomsisimua kijana wa Canada zaidi ya mita 200 ilikuwa nyingine: makadirio yaliyozagaa wakati huo kwamba bonde hilo lilizalisha kiasi kinacholingana na mapipa bilioni 120. Nilimwomba Mama Mwenyekiti asome kitenzi kwa sauti. Lilizalisha.

Mwamba unapopikwa na joto la ardhini hutoa mafuta kwa mamilioni ya miaka. Sehemu kubwa hubaki ndani ya mwamba huohuo, nyingine hutoroka juu na kupotea, na sehemu ndogo hunaswa. Ya yaliyonaswa, sehemu tu ndiyo inayoweza kutolewa. Uganda, baada ya visima vingi vya utafiti na tathmini, huhesabu mapipa yapatayo bilioni 6.5 yaliyomo ardhini katika Bonde la Albert, na kati ya hayo ni takriban bilioni 1.4 yanayoweza kutolewa. Hayo ni mapipa yaliyopimwa. Kulinganisha bilioni 120 za Kavango na bilioni 1.4 za Uganda, kama ujumbe mmoja uliokuwa ukisambazwa ulivyofanya, ni sawa na kulinganisha mvua yote iliyowahi kunyesha Ukerewe na maji yaliyomo kwenye mtungi wa jirani.

Utaratibu wa kimataifa wa kuainisha rasilimali za petroli unatenga makundi matatu kwa sababu hiyo: rasilimali tarajiwa, ambazo hazijagunduliwa, rasilimali zilizogunduliwa lakini bado zina kizuizi, na akiba, ambayo inaweza kuzalishwa kwa faida. Sheria za masoko ya mitaji za Canada huzitaka kampuni zitumie makundi hayo na ziseme wazi kwamba hakuna uhakika wa rasilimali tarajiwa kugunduliwa. Maneno hayo huandikwa mwishoni mwa tangazo, kwa herufi ambazo Mzee wa Bwiru alihitaji miwani mbili kuyasoma. Niliwashauri wanachama waanze kusoma kutoka huko.

Hoja zilizonipinga

Mwalimu mmoja mstaafu aliuliza kwa nini serikali ya Namibia, ambayo kupitia shirika lake la NAMCOR ina asilimia 10 katika leseni hiyo, ikubali mradi usio na kitu. Nilimjibu kwamba sikusema hauna kitu. Kisima kinachothibitisha kwamba bonde lisilojulikana lina mwamba uliozalisha mafuta ni mafanikio ya kijiolojia, na ningekuwa mfanyakazi wa shirika la mafuta la taifa ningefurahi. Ila furaha ya mtafiti na uamuzi wa mwenye akiba ya injini ya boti havipimwi kwa mizani moja.

Mmoja wa wafanyabiashara wa dagaa aliuliza kama nasi hapa Ziwa Victoria hatuna mafuta, maana Albert ni ziwa na Tanganyika ni ziwa. Swali hili huulizwa kila mara bomba linapotajwa. Maziwa yale mawili yamo katika Bonde la Ufa, ambamo ardhi ilizama na kujazwa mashapo yenye unene wa kilomita kadhaa, nayo ndiyo jiko la mafuta. Ziwa letu ni pana na la kina kidogo, takriban mita 80 mahali penye kina kirefu, na limelala juu ya miamba mikongwe ileile tunayoiona Jiwe la Bismarck likiegemea bandarini. Mwamba huo una historia ya dhahabu na almasi. Jiko la mafuta hauna.

Hoja ngumu zaidi ilitoka kwa kijana mwenyewe, kwa simu iliyowekwa spika mezani. Alisema, kwa heshima na baada ya kutusalimu wote shikamoo mmoja mmoja, kwamba mimi nachambua kisima ilhali yeye anapendekeza hisa, na kwamba hisa hupanda kwa matarajio, si kwa mapipa. Kampuni ilikuwa inakaribia kuchoronga kisima cha pili. Kila tangazo lingesukuma bei. Sisi tungetoka kabla ya jaribio lolote la mtiririko. Nilimuuliza kama ana hisa tayari. Alikiri kwamba anazo tangu 2020, zilipokuwa chini ya dola moja ya Canada. Sikuona ubaya wa nia kwake hata kidogo, lakini mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na niliomba jambo hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Sikuwa na jibu zuri kwa hoja yake. Nilisema kwamba bei itashuka punde watu wakielewa maana ya neno "dalili". Nilisema hivyo kwa uhakika ambao sikuwa nao kwa misingi yoyote, nikichukua heshima niliyopewa kwa habari ya miamba na kuitumia katika jambo ambalo halina uhusiano na miamba.

Uamuzi na yaliyofuata

Kura zilikuwa nane dhidi ya nne. Kumbukumbu zinasema kwamba kikundi hakitanunua hisa za kampuni ya utafiti wa mafuta kabla ya matokeo ya jaribio la mtiririko kutangazwa, na kwamba suala hili lisirudishwe kwenye kikao kabla ya hapo.

Wiki zilizofuata zilinifundisha kunyamaza. Mei kampuni iliuza hisa mpya kwa bei iliyopanda, jambo ambalo ni la kawaida kwa kampuni isiyo na mapato: hutangaza, hukusanya fedha, huchoronga tena. Mwanzoni mwa Juni ilisema kisima cha pili, 6-1, nacho kimeonyesha mfumo wa petroli unaofanya kazi, na hisa moja ikapita dola 10 za Canada. Wale wanne waliopiga kura ya ndiyo hawakunisema vibaya; walinisalimu tu kwa upole uliozidi kiasi. Mmoja alipiga hesabu ya faida tuliyoikosa nyuma ya bahasha akaiacha mezani pangu bila neno.

Tarehe 24 Juni kampuni ya Viceroy Research, ambayo hupata faida hisa zinaposhuka, ilitoa ripoti kali dhidi ya ReconAfrica, nayo ReconAfrica ikaikataa. Nilitumiwa ripoti hiyo na watu watatu kama ushahidi kwamba nilikuwa sahihi, nikawajibu kwamba anayeshinda bei ikishuka naye ana ngozi anayoivutia kwake, na ripoti yake isomwe kwa tahadhari ileile. Bei iliendelea kuteremka, na mwaka 2023 hisa ilikuwa chini ya dola 2. Kijana wa Mama Mwenyekiti aliuza nusu ya hisa zake mwanzoni mwa Juni 2021, akarudisha mtaji wake wote na zaidi; nusu nyingine anayo mpaka leo.

Nikiuchambua uamuzi wetu sasa, naona tulikuwa na maswali mawili tukayafunga kamba moja. Swali la kwanza, kama 6-2 kilithibitisha mafuta ya biashara, lilikuwa na jibu siku ileile ya tangazo, nalo lilikuwa hapana. Swali la pili, kama bei itapanda kabla ya kushuka, lilijibiwa na Juni, na kijana alilisoma vizuri kuliko mimi. Kikundi kingeweza kukataa ununuzi kwa sababu ya haki, kwamba fedha za injini ya boti haziwekwi katika jambo ambalo faida yake inategemea kumwuzia mwingine kabla hajaelewa. Badala yake baadhi walikataa kwa sababu fundi alisema bei itashuka karibuni, na sababu hiyo ilikuwa mbovu hata kama matokeo yake yalikuja kuonekana mazuri.

Februari 2022 Mzee wa Bwiru alinipigia kabla ya swala ya alfajiri. "Fundi, Namibia wamepata mafuta. Redio imesema." Ilikuwa kweli. Shell ilikuwa imetangaza kisima cha Graff-1, na TotalEnergies kisima cha Venus-1, katika bonde la Orange, baharini, kusini kabisa mwa nchi, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Kavango na katika miamba isiyo na undugu na ile ya 6-2. Nilimweleza kwa ramani ya kitabu cha shule cha mjukuu wake. Januari 2025 Shell yenyewe, kampuni isiyohitaji kumshawishi mtu yeyote wa Kirumba, ilifuta kwenye vitabu vyake takriban dola milioni 400 za Marekani kwa sababu ugunduzi wake huo wa Namibia haukuweza kuthibitishwa kuwa wa biashara kwa wakati huo. Graff-1 kilikuwa ugunduzi halali, wenye mafuta mepesi yaliyothibitishwa, katika mikono yenye fedha na ujuzi wote.

Injini ya boti tuliinunua Agosti 2021. ReconAfrica iliendelea kutafuta. Mwaka 2024 ilichoronga kisima cha Naingopo, kilichoshuka zaidi ya mita 4,000 bila kuleta mafuta ya biashara, na 2025 ikaanza kingine kiitwacho Kavango West 1X. Tangazo la Naingopo lilipofika kwenye simu ya Mama Mwenyekiti, alilipeleka kwa katibu, naye akalipitia akitafuta mapipa kwa siku. Hakuyakuta, akaita ajenda iliyofuata, ambayo ilikuwa bei ya nyavu.